Jinsi ya kuipatia tasnifu yako DOI inayofunguka: mwongozo kamili kwa wanafunzi wa uzamili na watafiti

Mwanafunzi amefika kaunta ya maktaba na nakala zake zilizojalidiwa, jalada gumu, jina na mwaka kwa herufi za dhahabu mgongoni. Kwenye ukurasa wa hakimiliki kuna DOI, namba ya kudumu inayoitambulisha kazi na kuifungua mtandaoni. Naichapa kwenye simu tarakimu kwa tarakimu, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu, na ukurasa unaokuja unasema "DOI Not Found". Narudia. Vilevile. Namba si ya kughushi. Aliitenga mwenyewe wiki kadhaa nyuma, akaiweka kwenye tasnifu, akaenda kujalidi, na rasimu yake mtandaoni ikabaki rasimu. Kitufe cha mwisho hakukibofya.

Nimeliona hili mara nyingi mno, pamoja na makosa mengine mawili: mtu kuandika kiungo cha hifadhi ya chuo kisichofunguka popote nje ya chuo, na mtu kuipatia kazi moja DOI mbili zinazogombania marejeo. Yote matatu yanaepukika ukifuata mpangilio sahihi. Mwongozo huu unatumia Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Ni bure, haihitaji chuo chako kiwe mwanachama, inapokea tasnifu, ripoti, data, picha na programu, na kila rekodi inabeba hadi GB 50.

Kama hifadhi ya chuo chako inatoa DOI za kweli, anzia huko. Makala ya jarida DOI yake hutolewa na jarida lenyewe, hivyo hiyo usiihangaikie.

## Andaa hivi kwanza

- Faili la mwisho la tasnifu katika Word au LibreOffice, si PDF pekee, kwa sababu utalirekebisha katikati ya safari.
- Anwani mbili za barua pepe: ya chuo na ya binafsi.
- Ikisiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.
- Majina kamili ya wasimamizi wako, na ORCID zao (namba za kumtambulisha mtafiti) kama wanazo.
- Namba ya kibali cha utafiti na ya cheti cha maadili.
- Ruhusa ya maandishi ya kuweka kazi mtandaoni, kutoka kurugenzi ya masomo ya uzamili.
- Saa mbili zisizo na haraka. Usifanye haya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

## Hatua ya 1: Hakikisha kazi haina DOI tayari

Nenda commons.datacite.org na search.crossref.org, tafuta kichwa cha kazi yako, kisha jina lako. Muulize pia mkutubi wa chuo kama hifadhi ilishaipa namba.

Kazi ikiwa na DOI mbili, wanaoinukuu hugawanyika, nusu huku na nusu kule, na hesabu ya marejeo haikutani tena. Ukiikuta ina DOI, tumia hiyo hiyo. Zenodo wenyewe wanauliza mapema kabisa kama tayari unayo. Ukijibu ndiyo, unaibandika na hakuna namba mpya inayotengenezwa.

Angalia sasa kiungo ulichopewa na hifadhi ya chuo. Kama kina tarakimu 123456789 katikati, hicho si kitambulisho cha kudumu. Hiyo ni namba ya mfano inayokuja na DSpace, programu ya kuendeshea hifadhi za vyuo, siku inaposakinishwa, na aliyeisakinisha hakuibadilisha. Inafanya kazi ndani ya tovuti ya chuo tu. Siku anwani ya tovuti ikibadilika, kiungo chako kinakufa. Hifadhi nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki zina tatizo hili. Usikichape kwenye tasnifu.

Umefanikiwa ukiwa umetafuta sehemu zote mbili na una jibu la uhakika: ipo, au haipo.

## Hatua ya 2: Jisajili ORCID

DOI hutambulisha kazi, ORCID humtambulisha mtu. Ina tarakimu 16 kwa makundi ya nne nne, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Jisajili orcid.org bila malipo.

Weka barua pepe zote mbili. Hapa ndipo wengi huumia: akaunti inafunguliwa kwa barua pepe ya chuo, mwanafunzi anahitimu, chuo kinaifunga, na miaka miwili baadaye hawezi kuingia wala kurejesha nywila. Anafungua ORCID ya pili, na kazi zake zinakaa nyumba mbili. Kama umeshafika huko, mipangilio ya akaunti ina sehemu ya kuondoa rekodi iliyojirudia, itumie leo.

Jambo la pili ni jina. Vyeti vyetu vina majina matatu, la mtu, la baba na la babu, na fomu za nje zinadai jina la kwanza na la ukoo. Chagua lipi litakuwa la ukoo, kwa kawaida la mwisho kwenye cheti cha chuo, na usilibadilishe tena maisha yako yote ya kitaaluma. Tahajia na vifupisho vingine viweke sehemu ya majina mengine unayojulikana kwayo. Mtu anayeandika majina mawili leo na matatu kesho anahesabiwa kuwa watu wawili.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kufungua ukurasa wako wa ORCID kwenye simu ya mwenzako, bila kuingia kwenye akaunti, na jina lako likaonekana.

## Hatua ya 3: Safisha faili

Faili ulilowapa watahini silo unaloweka mtandaoni. Pitia ukurasa kwa ukurasa na uondoe:

- Saini zilizoskaniwa, zako na za wasimamizi. Saini iliyo wazi mtandaoni inaweza kunakiliwa na kubandikwa kwenye barua yoyote.
- Namba za simu na barua pepe za watu wengine.
- Orodha ya waliohojiwa kwa majina, ambayo hupenda kujificha kwenye viambatisho.
- Picha za nyuso za watu ambao hawakuridhia kuchapishwa.

Kwa data ukali uongezeke. Kufuta majina hakutoshi. Ukiacha kijiji, umri, kazi na ugonjwa adimu kwenye mstari mmoja, jirani yeyote atamjua mhusika. Vivyo hivyo kwa majira ya GPS ya nyumba za watu: yapunguze hadi ngazi ya kata, au yaondoe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na utafiti wako haujakaa nje ya sheria hizo. Cheti cha maadili cha kukusanya data si ruhusa ya kuichapisha. Soma fomu ya ridhaa uliyowasomea washiriki. Kama uliwaambia majibu yataonwa na mtafiti peke yake, ahadi hiyo bado ipo. Rudi kwenye kamati iliyokupa cheti kabla ya kupakia chochote.

Majedwali ya data yahifadhi kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, maana yatafunguka hata kwa asiye na programu uliyotumia wewe. Ongeza faili fupi la maelezo linaloeleza kila safu ina nini, kwa kipimo gani, na nafasi tupu ina maana gani.

Mwisho, lipe faili jina linalosomeka: jina la ukoo, mwaka, neno "tasnifu". Mtu atakayelipakua akakuta "FINAL FINAL corrected 3" hatalipata tena kwenye kompyuta yake.

Umefanikiwa ukiwa mtu asiyehusika na utafiti wako amepitia faili na hakuweza kumtambua mshiriki hata mmoja.

## Hatua ya 4: Fungua rasimu na utenge namba

Ingia zenodo.org; ORCID yako inatosha kukufungulia akaunti. Bofya alama ya kuongeza, anza rekodi mpya. Juu kabisa utaulizwa kama tayari una DOI. Jibu hapana, kisha bofya kitufe cha "Get a DOI now!". Papo hapo inatokea namba inayoanza na 10.5281/zenodo. ikifuatiwa na tarakimu zako. Bofya "Save draft".

Kuitenga mapema kuna sababu moja tu: uweze kuiandika ndani ya tasnifu kabla ya kuigeuza PDF. Anayeikuta nakala yako kwenye flashi au kwenye kundi la WhatsApp ataona namba na kujua nakala halisi iko wapi.

Tahadhari. Namba hii bado haijazaliwa. Ukiifungua sasa hivi utapata "DOI Not Found", na ndivyo inavyopaswa kuwa. Andika kwenye kalenda ya simu tarehe ya kurudi kuchapisha, kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Kama una wasiwasi na fomu hizi, upo uwanja wa majaribio, sandbox.zenodo.org. Akaunti yake ni tofauti. Cheza humo upendavyo, lakini namba za humo hazifunguki kamwe. Zisiingie kwenye tasnifu.

Umefanikiwa ukiwa unaona rasimu yako kwenye orodha ya akaunti, na namba umeinakili mahali pa pili.

## Hatua ya 5: Weka namba kwenye faili, kisha geuza PDF

Ifungue tasnifu kwenye Word, nenda ukurasa wa hakimiliki, bandika namba katika umbo kamili: https://doi.org/ ikifuatiwa na 10.5281/zenodo na zinazofuata. Bandika, usichape kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa unampeleka msomaji kwenye kazi ya mtu mwingine.

Angalia Word isikatishe namba mwisho wa mstari kwa kistari, na isiweke nukta mwishoni, kwa kuwa wasomaji huinakili pamoja na nukta hiyo. Kisha geuza PDF. PDF iwe ya maandishi yanayotafutika, si picha za kurasa zilizoskaniwa. Ijaribu kwa kuburuza kipanya juu ya aya: maneno yakichagulika, iko sawa.

## Hatua ya 6: Jaza maelezo ya kazi

Hapa ndipo pa kutulia. Maelezo haya, yaani metadata, ndiyo yatakayosafiri kwenda kwenye mashine za utafutaji, na mtu atakayeikosa kazi yako ataikosa kwa sababu ya sehemu hii.

Kichwa. Jalada la tasnifu huwa kwa herufi kubwa zote. Usinakili hivyo. Andika kwa herufi za kawaida, la sivyo kila orodha ya marejeo itakayokuvuta itakuja ikipiga kelele. Kama tasnifu ni ya Kiswahili, kichwa cha Kiswahili ndicho kikuu, na cha Kiingereza kiweke kama kichwa cha ziada kilichotafsiriwa. Chagua Kiswahili kwenye sehemu ya lugha. Nimekuta tasnifu za Kiswahili fasaha zikiwa zimeandikishwa kama za Kiingereza kwa sababu mwandishi hakuigusa sehemu hiyo. Anayetafuta maandiko ya kitaaluma kwa Kiswahili hawezi kuziona.

Aina. Tasnifu iandikishe kama "Thesis", data kama "Dataset". Usichanganye viwili kwenye rekodi moja. Kila kimoja kina wasomaji wake na kinastahili namba yake.

Waandishi. Mwandishi wa tasnifu ni wewe peke yako. Wasimamizi waweke kwenye sehemu ya wachangiaji na uchague jukumu la "Supervisor". Kuwaweka kama waandishi wenza, hata kwa heshima, kunabadilisha kumbukumbu ya nani aliandika. Ongeza ORCID ya kila mmoja.

Chuo. Ukianza kuandika jina la chuo, mfumo unakupendekezea kutoka orodha ya ROR, ambayo ni vitambulisho vya taasisi. Chagua kwenye orodha hiyo badala ya kuandika mwenyewe. Chuo kimoja kikiandikwa kwa vifupisho huku na kwa jina refu kule, kazi zake haziwezi kuhesabiwa pamoja.

Ikisiri. Weka zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Uhusiano. Kama data ina DOI yake, iunganishe na tasnifu hapa kwenye sehemu ya kazi zinazohusiana. Fanya hivyo kwenye rekodi zote mbili.

Umefanikiwa ukiwa umebofya "Preview" na ukurasa unasomeka kama kadi safi ya maktaba.

## Hatua ya 7: Leseni na ufikiaji

Zenodo inaanza na leseni ya CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia, kunakili na kubadilisha kazi mradi akutaje. Kwa data na ripoti naipendekeza bila kusita.

Kwa tasnifu simama kidogo. Tasnifu nyingi za Tanzania zina ukurasa unaotaja Mkataba wa Berne na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ukisema kazi isinakiliwe bila ruhusa ya maandishi ya chuo. Ukichapisha PDF yenye ukurasa huo chini ya CC BY, umesema maneno mawili yanayopingana. Ndiyo sababu barua ya kurugenzi ya uzamili imo kwenye orodha ya maandalizi. Ikiwa wamekubali leseni huria, rekebisha ukurasa huo. Ikiwa hawajakubali, chagua faili liwe na ufikiaji wa masharti.

Wengi hawajui kwamba faili likifungwa, DOI inafanya kazi ile ile. Kichwa, ikisiri na jina lako vinaonekana na vinanukuliwa, ni PDF tu isiyopakuliwa. Unaweza pia kuweka tarehe ya faili kufunguka lenyewe, jambo linalomfaa anayesubiri kuchapisha sura zake kama makala, au kitabu.

## Hatua ya 8: Chapisha

Pakia PDF. Ifungue mara ya mwisho, soma jina lako, soma namba iliyomo ndani na ulinganishe na iliyo kwenye fomu. Kisha bofya "Publish".

Fanya hivi siku unayopeleka nakala kujalidiwa, si baadaye. Baada ya hapo maelezo unaweza kuyarekebisha wakati wowote, ila faili usitegemee kulibadilisha kimyakimya wala kulifuta. DOI ni ahadi kwa wasomaji kwamba walichokisoma kitabaki.

## Hatua ya 9: Ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine

Usijaribu kwenye kompyuta uliyopakilia, kwa sababu akaunti yako iko wazi humo na inakuonyesha hata vilivyofungwa. Mpe mwenzako nakala iliyochapwa, achape kiungo kutoka kwenye karatasi, kwa bando lake, nje ya mtandao wa chuo. Ikigoma, subiri dakika chache, usajili hauishi papo kwa papo kila mara. Ikigoma hata kesho yake, rudi ukaone kama rasimu imechapishwa kweli.

Kuna swali linalowapa wanafunzi homa. Msimamizi anatafuta namba Crossref, haioni, anasema ni bandia. Si bandia. DOI za Zenodo zinasajiliwa na DataCite, na hizi ni asasi mbili tofauti zinazosajili DOI. Mwelekeze commons.datacite.org, au afungue https://doi.org/ra/10.5281, ukurasa utamtajia msajili mwenyewe.

Umefanikiwa ukiwa ukurasa wa kazi yako umefunguka kwenye simu isiyo yako.

## Hatua ya 10: Ipeleke ORCID

Ingia ORCID, nenda sehemu ya kazi, chagua kuongeza kwa DOI, bandika namba. Maelezo yote yanajaa yenyewe. Weka ionekane kwa kila mtu. Sasa ukiomba ufadhili au kazi ya uhadhiri, kiungo kimoja kinatosha.

## Ukigundua kosa baada ya kuchapisha

Tahajia ya jina, ikisiri au lugha: bofya kuhariri, rekebisha, chapisha tena. Namba haibadiliki.

Kosa ndani ya PDF: tumia "New version", pakia faili jipya. Toleo hilo linapata DOI yake, na la zamani linabaki mahali pake. Utaona pia namba nyingine inayosimamia matoleo yote kwa pamoja, inayofanana sana na yako. Kwenye tasnifu iliyojalidiwa weka ya toleo, kwa sababu mtahini alipitisha maneno ya toleo hilo. Kwa data unayoiongeza kila mwaka, watu wape ya matoleo yote.

## Kwa wakutubi na wasimamizi wa hifadhi

Chuo kinachochapisha jarida kinafaa kujiunga na Crossref. Tangu Januari 2023 wana mpango wa GEM unaofuta ada kwa taasisi za nchi zenye uwezo mdogo wa kiuchumi, na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Ukitumia OJS, programu ya kuendeshea majarida, usajili wa makala unafanyika ndani ya programu hiyo hiyo. Kwa tasnifu na data njia ni DataCite, na mazungumzo ya kujiunga kwa pamoja yana pa kuanzia kwenye miungano ya maktaba: COTUL kwa Tanzania, KLISC kwa Kenya.

Wakati mnasubiri, ondoeni 123456789. Sajilini namba halisi ya Handle, mfumo wa viungo vya kudumu unaotumiwa na DSpace, kwa CNRI, shirika linaloutunza, nakilini kanzidata yote kwanza, badilisheni handle.prefix kwenye faili la mipangilio ya DSpace, kisha endesheni amri ya update-handle-prefix ili rekodi za zamani zihamie namba mpya, na mjenge upya faharasa ya utafutaji. Mwambieni mtu wa mtandao afungue mlango (port) wa 2641 kwenye ukuta wa ulinzi. Huo ndio husahaulika, na seva inakaa inangoja maombi yasiyoweza kuingia. Kisha fungueni rekodi moja kupitia hdl.handle.net, kwa bando la simu, mkiwa nje ya geti.